Betri ya piki ya umeme imebaki nusu, duka limekataa waranti ati "umetumia kwa biashara"

Bodaa_Likoni

Assalam aleykum na habari zenu wote. Naomba ushauri wenu maana nimezungushwa mpaka nimechoka na hela zenyewe ni za jasho.

Mie ni mtu wa boda huku Likoni, Mombasa, abiria wakitaka Ukunda nafika, wakitaka Diani nafika. Mwaka jana niliuza piki yangu ya petroli nkachukua ya umeme kwa duka moja hapa mjini, nkaweka dipoziti na zilizobaki nalipa kila siku kwa kampuni ya mkopo. Sikuchukua zile za kubadilisha betri kwa stesheni kwa sababu ninapokaa stesheni iko mbali, nkachukua ya kuchaji nyumbani na betri ni yangu mwenyewe. Ni lithiamu, 72V 40Ah, na karatasi ya waranti inasema miaka miwili. Muuzaji aliniambia kwa mdomo wake hii ni piki ya boda, chaji moja unapiga kilomita 75 hata ukibeba mtu, na bango lao la dukani lina picha ya boda amevaa riflekta amebeba mama na mwanawe.

Mwanzo kweli ilikuwa inafika hizo 75 au karibu yake, sina la kusema. Ila haijatimiza mwaka ikaanza vituko, natoka nyumbani imejaa 100, nikifika asilimia 40 hivi inazima ghafla barabarani na taa zote zinakwenda, nikingoja kidogo inawaka naenda mita mia mbili inazima tena. Sa hii nikipata kilomita 38 nimepata nyingi. Juzi imenizimikia na mama mjamzito nyuma nampeleka kliniki, lori liko nyuma yangu, wallahi nilitetemeka.

Sasa hawa wa duka. Kwanza wakasema shida ni chaja, wakanipa chaja nyingine, hali ni ile ile. Nkarudi wakasema betri kupungua ni kawaida kama ya simu. Nkarudi na karatasi ya waranti, wakanigeuzia nyuma kuna maandishi madogo kama siafu, ati waranti haihusu piki inayofanya biashara ya abiria. Nkawauliza, si nyinyi mliniuzia kama piki ya boda? Wakanyamaza, halafu akatoka mwingine ndani akaiangalia betri tu kwa macho akasema hii imeingia maji, waranti imekufa. Hajaifungua hajaipima. Betri mpya wananitajia 85,000.

Na mkopo uko pale pale, nikikosa kulipa wanaifunga piki wakiwa huko huko ofisini kwao. Nifanyeje? Kuna sheria yoyote ya kumsaidia mtu kama mie au ndiyo nimeliwa?

Mzee_wa_Tuktuk

Pole sana kijana wangu. Hiyo ya "umetumia kwa biashara" si mpya, wenye teksi na tuktuk tumeimbiwa miaka kwa betri za kawaida za maji na zile kavu. Unanunua betri ya saizi ya N50 ina waranti ya mwaka, ikifa mwezi wa saba unaambiwa alteneta yako inachaji kupita kiasi, ukileta fundi athibitishe alteneta inatoa volti 14.2 iko sawa, unaambiwa basi gari ni teksi. Kila mlango ukifungua wanafunga mwingine.

Mimi ningekuambia tafuta fundi aifungue hiyo betri abadilishe seli zilizokufa, itakugharimu robo ya hiyo bei na utarudi kazini. Waranti ni karatasi tu.

FundiVolti

Mzee shikamoo, lakini hapo kwa kufungua naomba nikupinge kabisa. Bodaa USIIFUNGUE hiyo betri na usimpe mtu yeyote aifungue. Ile stika ya waranti ikikatika tu umewapa sababu ya kweli ya kukukataa, sa hii sababu walizo nazo zote ni za uongo uongo. Na pia seli za lithiamu zikifungwa vibaya na mtu asiyejua zinaweza kuwaka moto, na we unailaza ndani ya nyumba na watoto.

Mimi natengeneza hizi betri kila siku. Hiyo hali uliyoeleza ya kuzima kwa 40 na kuwaka tena ukingoja, kwangu mimi hiyo inasema jambo moja, kuna kundi moja la seli limedhoofika ndani. Betri yako ni seli nyingi zimefuatana kwa safu na kuna bodi ndani inazilinda inaitwa BMS. Hiyo bodi haiangalii jumla peke yake, inaangalia kila kundi, likishuka kundi moja mpaka kama volti 2.5 inakata umeme wa betri nzima hata kama makundi mengine yote yana chaji ya kutosha. Ukipumzisha lile kundi dhaifu volti zake zinapanda kidogo, bodi inafungua, unakaza aksileta linashuka tena, inakata.

Sasa uchakavu wa kawaida hauko hivyo. Betri ikizeeka kawaida makundi yote yanashuka pamoja, unaona kilomita zinapungua pole pole, 75 zinakuwa 72, baadaye 70. Seli za lithiamu aina ya fosfeti ambazo ndizo nyingi kwa hizi piki hutarajiwa kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi kabla hazijafika asilimia 80 ya uwezo wake. Boda anayechaji mara moja au moja na nusu kwa siku kwa mwaka hajafika hata mara mia sita. Kwa hiyo mtu akikuambia nusu ya betri imekwenda kwa mwaka mmoja na ni kawaida, huyo ama hajui kazi yake ama anakudharau.

Fanya hivi. BMS nyingi zina blutuu, tafuta jina la apu kwa stika ya betri ama kwa kitabu, unganisha na simu. Chaji mpaka ijae, piga skrinishoti ya ukurasa unaoonyesha volti za kila kundi. Halafu endesha, na rafiki yako akiwa na simu nyuma, mpaka izime, ikizima tu apige skrinishoti nyingine hapo hapo. Kama makundi mengine yanasoma 3.2 na moja liko 2.5 au 2.6, umeshika kesi yako mkononi. Pia humo ndani kuna hesabu ya mara ilizochajiwa, piga picha hiyo nayo.

Cha pili nunua ama azima kile kipimo cha umeme cha kuchomeka kwa soketi, chaja unachomeka kwacho. Betri ya 72V 40Ah inabeba karibu yuniti 2.9. Chaja inapoteza kidogo kwa joto, tuseme asilimia 12 hivi, kwa hiyo betri nzima ikiwa tupu ingevuta yuniti 3.2 au 3.3 kutoka ukutani. Yako ukiichaji kutoka ilipozimia mpaka ijae uone imevuta ngapi. Ikivuta 1.6 basi hiyo ni nusu na namba haibishani na mtu.

Na hayo maji. Angalia stika kama imeandikwa IP67. Ikiwa ni hivyo, hiyo ni ahadi ya kiwanda kwamba boksi linazama maji ya mita moja kwa nusu saa bila maji kuingia ndani. Mvua ya Mombasa haiwezi kuwa sababu. Na maji yakiingia kweli yanaacha alama, kutu kwenye nati, ule ukijani kwenye shaba, alama hizo hazionekani mtu akitazama boksi kwa nje.

Karani_Mstaafu

Mwanangu pole kwa yaliyokupata. Mimi si wakili, lakini nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi na haya mambo nimeyaona yakipita mbele ya meza yangu. Hujaliwa. Una haki na ni haki ya kikatiba, ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, haki ya kupewa taarifa, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu.

Lile neno lao la biashara ya abiria ndilo naliona dhaifu kuliko yote, na nataka ulielewe vizuri kwa sababu ndilo watakalolishikilia. Iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ya zamani, sura ya 31. Kifungu cha 16 kinasema mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayotaka kuifanyia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji ndiyo biashara yake kuuza bidhaa za aina hiyo, basi ni sharti la mkataba kwamba bidhaa ifae kwa kazi hiyo. Hata kama hakuna aliyeandika. Wewe uliwaambia ni boda, wao wakasema ni ya boda, bango lao linasema boda. Halafu ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ambayo haikubali muuzaji aweke kipengele cha kuondoa masharti hayo kwenye mkataba wa mtumiaji, kipengele kama hicho ni batili. Na hiyo sheria haisemi mtumiaji ni mama wa nyumbani tu, inamhesabu hata mtu ambaye bidhaa ilitangazwa kwake katika biashara ya kawaida ya muuzaji. Nenda leo ukapige picha lile bango kabla halijatolewa ukutani. Leo, usingoje Jumatatu.

Kuhusu maji, anayedai ndiye athibitishe, kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi. Ukithibitisha betri imeharibika ndani ya waranti, wao ndio wenye mzigo wa kuonyesha maji yako wapi.

Pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kwa hiyo betri ya 85,000 pamoja na hasara yako inaingia humo bila shida. Si lazima uwe na wakili, waweza kusimama mwenyewe na ukaongea Kiswahili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Haifungwi sana na zile kanuni kali za ushahidi za korti nyingine, lakini skrinishoti zako zichapishe vizuri, na uliza pale dawatini kuhusu cheti cha ushahidi wa kielektroniki cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, utakijaza wewe mwenyewe mwenye simu.

Unayemshtaki ni muuzaji aliyepokea hela zako. Watakuambia nenda kwa kiwanda China, wewe hukununua China.

Ila kabla ya korti peleka barua. Eleza kwa ufupi ulinunua lini, siriali namba ya betri, ulisema nini ukaambiwa nini, vipimo vinasema nini, unataka nini (betri nyingine au hela), na uwape siku 14. Peleka mwenyewe, nakala yako ipigwe muhuri au isainiwe, wakikataa kusaini itume kwa barua pepe yao na WhatsApp yao pia.

Mwana_Kisauni

Nauliza hapo kwa mkopo kwa sababu na mie niko na piki ya hivyo hivyo, akiacha kulipa mpaka watengeneze si ndiyo watashtuka haraka?

Karani_Mstaafu

Hapana, asiache. Mara nyingi mkopeshaji na duka ni kampuni mbili tofauti na mikataba miwili tofauti, ukiacha kulipa mkopeshaji anafunga piki, anaichukua, na wewe unakuwa mdaiwa badala ya mdai. Alipe, aweke rekodi ya malipo. Lakini nakala ya barua impelekee na mkopeshaji, kwa sababu ile piki ni dhamana yake na betri ikifa dhamana imepungua thamani, naye ana sababu ya kulisukuma duka. Na siku ambazo hakufanya kazi kwa sababu ya betri aziandike, taarifa ya M-Pesa ya miezi ya nyuma na ya sasa inaonyesha mapato yameshuka vipi. Bila karatasi hasara hiyo huwa vigumu kulipwa.

Kaka_wa_Sinza

Wakuu salama? Niko Dar, ila nimeona nichangie maana huku bajaji na pikipiki za umeme nazo zimeanza kujaa na maneno ya wauzaji ni yale yale. Kwetu malalamiko ya namna hii yanaenda FCC, Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, ina sehemu nzima ya udanganyifu kwa mlaji. Kenya mna ya kwenu, CAK, Mamlaka ya Ushindani, kaka peleka malalamiko na huko pia kwa sababu wao wanaangalia tabia ya muuzaji kwa wateja wote, si kesi yako peke yako. Kama wengine kumi wameuziwa kwa bango lile lile basi hilo ni lao.

Halafu risiti jamani. Huku mtu anakubali punguzo la elfu ishirini ili asipewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, betri ikifa hana hata pa kuanzia. Bodaa risiti unayo?

Bodaa_Likoni

Risiti ninayo ndugu yangu, na karatasi ya waranti, na siriali namba iko kwa zote mbili na inafanana na ya betri, nshahakikisha.

Leaf_Nyali

Mimi ni wa magari, nina Nissan Leaf, gari la umeme, ya mkono wa pili kutoka Japani, lakini kuna mambo yanafanana mno. Huko Arizona Marekani, joto kali, mwaka 2012 wenye Leaf walilalamika betri zinapoteza uwezo haraka, na mwanzo waliambiwa hivyo hivyo kwamba kupungua ni kawaida, waranti ilikuwa ya betri kuharibika tu na haikutaja uwezo kupungua. Hawakunyamaza. Walikutana na magari yao wakayapima pamoja siku moja, namba zikatoka, kesi ikapelekwa mahakamani, na kampuni ikatangaza mwisho wa mwaka huo huo kwamba itadhamini uwezo wenyewe, ile mistari 12 ya dashibodi inayoonyesha uwezo wa betri ikishuka chini ya 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000 wanatengeneza au wanabadilisha. Mistari tisa ni kama asilimia 70.

Ninachokusudia ni hiki, angalia karatasi yako kama imetaja asilimia. Karatasi ikisema "miaka miwili" halafu haisemi miwili ya nini, kila mtu anaitafsiri anavyotaka na muuzaji ndiye anayeongea kwa sauti zaidi. Na mtafute wenzako walionunua hapo hapo mpime pamoja.

Bodaa_Likoni

Nimerudi. Allah awalipe kila la kheri.

Kwanza stika ya betri imeandikwa IP67, iko pale pembeni kwa maandishi madogo, nimeipiga picha. Bango nimelipiga picha pia, liko bado.

Apu imekubali. Ikiwa imejaa makundi yote 24 yanasoma karibu sawa, ila kundi nambari 17 liko juu kuliko mengine. Jana jioni nimezunguka na jirani yangu ameshika simu, imezima pale tunapotokea barabara ya feri, akapiga picha hapo hapo. Makundi yote yako 3.2 na vipointi, nambari 17 imesoma 2.47. Imechajiwa mara 391. Nimechaji usiku kwa kile kipimo cha soketi, imevuta 1.7. FundiVolti umesema kama ulikuwa ndani ya hiyo betri.

Karatasi ya waranti asilimia haijataja, imeandikwa tu "kasoro ya utengenezaji".

Tumepatana watu watatu wa stegi yetu walionunua duka hilo, mmoja yake imeanza kuzima kwa 30.

Nilipowapigia leo kuwaambia nina picha za BMS sauti imebadilika, wananiambia leta betri tuiache hapa wiki mbili mafundi wetu waiangalie. Niipeleke?

FundiVolti

Hiyo 17 kuwa juu ikijaa na chini ikiisha ndiyo tabia ya seli iliyopungukiwa, ni chombo kidogo kati ya vikubwa, kinajaa mapema na kinaisha mapema. Mara 391 ni betri changa. Hiyo ni kasoro ya utengenezaji kabisa, seli mbovu ilipita kiwandani au haikulinganishwa vizuri na wenzake, na karatasi yao inasema kasoro ya utengenezaji. Wamejifunga wenyewe.

Kuipeleka sikatai, ila usiiache hivi hivi. Betri ikikaa kwao wiki mbili inaweza kurudi imefunguliwa na maji ndani, sisemi hawa watafanya, nasema nimeona ikifanyika. Piga picha za pande zote nne, stika ya waranti ikiwa nzima, nati zilizofungwa, siriali namba, na bolti zitie alama ya rangi ya kucha ili ikifunguliwa ijulikane. Waandike kwamba wameipokea ikiwa nzima haijafunguliwa, tarehe, jina na saini. Ifunguliwe na kupimwa mbele yako. Na uombe betri ya kutumia kwa muda huo, hata iliyotumika.

Bodaa_Likoni

Nimeenda. Kuandika wameipokea wamekubali, kuipima mbele yangu wamekataa, ati mafundi hawafanyi kazi mteja akiwa amesimama. Betri ya kutumia hawana. Nimerudi nayo nyumbani.

Karani_Mstaafu

Umefanya vyema kurudi nayo. Sasa andika barua leo, na ndani yake useme kwamba tarehe ya leo ulipeleka betri, ukaomba ipimwe mbele yako, wakakataa, na kwamba uko tayari kuileta siku yoyote watakayokubali. Sentensi hiyo ni muhimu, wakija kusema kortini kwamba ulikataa kuleta betri ikaguliwe utakuwa umeshajibu. Nakala tatu, ya duka, ya mkopeshaji, na yako yenye muhuri. Wale wenzako wawili kila mmoja aandike yake kwa jina lake na siriali yake, msichanganye. Siku 14 zikiisha bila jibu nenda dawati la Madai Madogo asubuhi mapema, beba risiti, waranti, nakala ya barua, picha zilizochapishwa na kitambulisho. Ukikwama kwenye kuandika barua niandikie kwa ujumbe wa ndani, ficha namba ya simu na ya kitambulisho, nitakupitishia macho.